Shajara ya mradi: kitabu cha vinu vya upepo na vya maji, na pampu iliyolala Bahi

3 Juni

Mradi una miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kitabu: mwongozo wa Kiswahili usiozidi kurasa 160, unaoeleza historia na utendaji wa vinu vya upepo na vya maji kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi wa kanda ya kati. Wa pili ni pampu ya upepo iliyosimama bila kazi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Bahi, mkoani Dodoma. Sharti ni moja: sura haipiti mpaka jambo lake kuu limepimwa kwenye chuma au kwenye maji.

Sharti hilo lina sababu. Vitabu vya vinu vimeandikwa vingi tangu karne ya 16, na karibu vyote vimetoka kwenye nchi zenye mito isiyokauka na mashamba ya ngano. Vinachora mabawa kwa mapenzi makubwa. Vikifika kwenye mzigo, yaani jiwe linalosaga au pistoni inayovuta maji, kalamu inaanza kukimbia. Huku kwetu mashine hizi hufia kwenye mzigo. Upepo upo.

Hali ya pampu ilivyokutwa: rota ya mita 3 yenye mapanga 18 ya bati lililopinda, mnara wa mita 9, gia ya 3 kwa 1 (rota inazunguka mara 3, rodi inapanda na kushuka mara 1), mwendo wa pistoni milimita 200. Kisima kina mita 42. Maji yakitulia yako mita 24 chini, yakivutwa hushuka hadi 28. Mdomo wa tanki uko mita 2 juu ya ardhi. Kwa hiyo maji hupandishwa mita 30. Silinda ni ya inchi 3, imening'inizwa mita 36 chini kwenye bomba la inchi 2.

Rota inazunguka ikisukumwa kwa mkono, mkia umekwama, na maji hayatoki.

9 Juni

Maneno. Yalichukua siku nne, na hazikupotea.

Neno "kinu" kwa msomaji wa Dodoma ni kile cha kutwangia, chenye mchi. Mashine ya dizeli inayosaga mtama haiitwi kinu. Ni mashine ya kusaga, basi. "Kinu cha upepo" kipo kwenye kamusi, na kitabaki kwenye jalada, lakini ukurasa wa kwanza lazima useme kwamba kinu hiki husaga, hupasua mbao au huvuta maji, wala hakitwangi. Ile ya kuvuta maji tumeipa jina lake mwenyewe, pampu ya upepo, ili asije mtu akaipelekea gunia la uwele.

Tanga lilionekana neno zuri kwa kile kitambaa kinachokamata upepo, kama la jahazi. Likiwa moja halina shida. Yakiwa manne yanakuwa matanga, na sura nzima inanuka msiba. Limeachwa. Vinu vya zamani vina mabawa, pampu ina mapanga.

Aina za vinu vya Ulaya: kinu cha nguzo (nyumba nzima huzunguka juu ya nguzo moja kuufuata upepo), kinu cha mnara (ni kofia tu inayozunguka), na kile cha mbao chenye pande nane kinachotanuka kuelekea chini. Hiki cha mwisho kwa lugha yake kimepewa jina la vazi, na hapa hapakuwa na mjadala: kinu cha kanzu.

Vifaa vya karakana havibadilishwi. Beringi ni beringi, shafti ni shafti, pistoni ni pistoni.

17 Juni

Sura ya historia imepunguzwa kutoka kurasa 40 hadi 22. Kilichobaki ni kile kinachomsaidia fundi kuelewa kwa nini kifaa kina umbo lilo nalo.

Vitruvius, Mrumi aliyeandika miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, anaeleza gurudumu la maji la wima lenye gia inayogeuza mzunguko wa wima kuwa wa kulala. Gia hiyo ndiyo moyo wa vinu vingi vya baadaye, kwa hiyo inabaki. Barbegal, kusini mwa Ufaransa, Warumi walipanga magurudumu 16 kwenye mteremko mmoja, safu mbili za manane, maji ya hili yakianguka kwenye lile. Inabaki, kwa sababu inaonyesha maji hayaishi kazi yakishatumika mara moja. Vinu vya upepo vya kwanza vinavyojulikana kwa uhakika ni vya Sistan, mpakani mwa Iran na Afghanistan ya leo. Shafti yake imesimama wima na jiwe limefungwa juu yake moja kwa moja, bila gia hata moja. Inabaki, na itachorwa ukurasa mzima: ndiyo mashine ya mfano ambayo mwanafunzi anaweza kuijenga kwa mabati na mti.

Kutoka kwenye vitabu vya mafundi vimechukuliwa vitatu. Ramelli, mhandisi Mwitaliano, wa 1588, mwenye michoro 195, nyingi zikiwa za pampu na vinu; ni mizuri mno, lakini haionyeshi vipimo, na baadhi ya mashine zake zingekwama kwa msuguano kabla ya kuinua ndoo moja. Vitabu vikubwa vya vinu vya Waholanzi vya 1734 ni kinyume chake kabisa, kwani kila boriti imechorwa kwa skeli na fundi angeweza kukata mbao kwa kuitazama karatasi. Oliver Evans wa Marekani, 1795, anatoa majedwali ya kasi na meno ya gia. Kati ya hivyo, cha kuigwa kwa mpangilio ni vile vya Waholanzi: mchoro wa nje, mkato wa ndani, kisha kila kipande peke yake.

Kilichoondolewa: hadithi zote za wasagaji wezi wa unga.

24 Juni

Bomba limetolewa kisimani. Kazi ilianza saa 12 alfajiri na ikasimamishwa saa 4 asubuhi upepo ulipoamka. Msimu huu wa kiangazi ndio wenye upepo, kwa hiyo ndio unaofaa kupima, lakini ni mbaya kwa kunyanyua vitu juu. Rota ilifungwa kwa breki na pia kwa mnyororo kwenye mguu wa mnara. Breki peke yake haiaminiki.

Uzito: bomba la chuma la inchi 2 ni kilo 5 na kidogo kwa mita, mita 36 ni kama kilo 185. Rodi ya milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita. Vali ya chini, ile inayoruhusu maji kuingia kwenye silinda bila kurudi kisimani, ikiwa bado inashika, bomba linapanda likiwa na maji yake, lita 2.2 kwa mita, na hizo ni kilo nyingine karibu 80. Chenibloku ya tani 1 inatosha. Winchi ya mkono isiyo na kizuizi cha kurudi nyuma haifai, hata kama kijiji kina vijana wengi.

Kila urefu wa mita 6 ulipofika juu, kibano cha bomba kilifungwa chini ya soketi kabla ya kugusa spana. Hapa ndipo visima vingi huharibikia: soketi ikifunguliwa ghafla wakati bomba limeshikwa na spana tu, mita 30 za chuma zinarudi chini na kukaa juu ya silinda, na kisima kimekwisha.

Kilichokutwa: washa za ngozi za pistoni, zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zimelika hadi zimebaki duara jembamba, vali ya chini ina mchanga kwenye kikalio, nyuzi za soketi mbili za chini zimeliwa na chumvi. Ukuta wa silinda, ambao ni wa shaba, uko safi na haujachubuka.

Bomba hili la inchi 2 ni jembamba kuliko silinda, maana yake pistoni haiwezi kupita ndani yake. Kila washa ikichoka, bomba zima linatoka. Bomba la inchi 3 lingeruhusu kuvuta rodi na pistoni peke yake, kazi ya watu wawili kwa nusu siku, lakini silinda ingelazimika kuwa ya inchi 2½ na bomba lote linunuliwe upya. Fedha haipo. Kitabu kitasema wazi kwamba anayeanza upya anunue bomba pana.

26 Juni

Hesabu ya mzigo. Hii ndiyo sura ya 6, na ndiyo sura ambayo vitabu vingi vya vinu havina.

Mzigo wa maji juu ya pistoni ni eneo la pistoni mara kimo cha maji, na kimo hicho huhesabiwa kutoka uso wa maji kisimani yakiwa yanavutwa, sio kutoka kwenye silinda. Kosa hili limeonekana kwenye makadirio mengi ya zamani. Silinda iko mita 36, lakini mita 8 za chini ziko ndani ya maji na maji hayo yanajibeba. Pistoni ya milimita 75 ina eneo la sentimita za mraba 44. Kwa mita 30 ni kilo 133. Rodi zenyewe, kutoka silinda hadi kichwa cha mnara, ni mita 45, kilo 40. Jumla 173.

Kilo 173 kwenye kongo (mkono unaogeuza mzunguko wa gia kuwa mwendo wa rodi wa juu na chini) yenye nusu kipenyo cha milimita 100 ni kama Nyutoni-mita 169 za nguvu ya kuzungusha. Gia ya 3 kwa 1 inaishusha hadi 56 kwenye shafti ya rota.

Upande wa upepo: vitabu hutumia uzito wa hewa wa kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, yaani hewa ya pwani yenye ubaridi. Dodoma mjini iko kama mita 1,120 juu ya bahari, bonde la Bahi liko chini zaidi, na mchana kuna joto. Tumetumia 1.06. Anayeisahau tofauti hii anajidanganya kwa asilimia 13 kabla hajaanza. Kwa rota yenye mapanga mengi kama hii tumechukua kigawo cha nguvu ya kuanza cha 0.3. Nguvu ya kuzungusha inayotoka, kwa Nyutoni-mita, ni 1.69 mara kasi ya upepo mara kasi ya upepo.

Kwa hiyo rota iliyosimama haianzi mpaka upepo ufike mita 5.8 kwa sekunde, na msuguano bado haujahesabiwa. Hapo pana jibu la kwa nini watu wa kijiji husema mashine hii "ilikuwa mvivu" hata ilipokuwa mpya. Majedwali ya watengenezaji wa pampu za aina hii hutolewa kwa upepo wa maili 15 hadi 20 kwa saa, mita 7 hadi 9 kwa sekunde. Upepo huo kijijini huja mchana na kuondoka na jua.

Uamuzi wa leo: kubadili silinda iwe ya inchi 2¼.

8 Julai

Uamuzi wa 26 Juni umefutwa.

Hesabu zilipowekwa pamoja zilisema hivi. Silinda ya inchi 3 inaanza kwa mita 5.8 na kwa upepo wa mita 6 inatoa lita 670 kwa saa. Ya inchi 2½ inaanza kwa 5.1 na kutoa 480. Ya inchi 2¼ inaanza kwa 4.8 na kutoa 390. Tunapoteza zaidi ya theluthi moja ya maji ili kupata mita 1 tu ya upepo, kwa sababu kilo 40 za rodi hazipungui silinda ikipungua.

Tatizo halisi ni kwamba pampu ya pistoni moja huvuta wakati wa kupanda tu. Ikisimama, mara nyingi husimama pale mzigo ulipo mzito. Kwa uzito wa maji peke yake, nguvu ya kuianzisha ni mara 3.14 ya wastani wa nguvu ya kuiendesha. Ikishaanza, uzito wa rota inayozunguka unaibeba kupita sehemu nzito, na rodi zinazopanda hulipwa na rodi zinazoshuka. Kuiendesha kunahitaji Nyutoni-mita 14 tu, upepo wa mita 2.9.

Dawa ni tundu la milimita 2 kwenye pistoni. Rota ikisimama, maji hupenya polepole na msukumo wa juu na chini ya pistoni unalingana. Kimo chote cha maji kinakaliwa na vali ya chini. Kinachobaki kwa rota kuinua ni rodi, na hizo zinahitaji upepo wa mita 2.8. Rota ikianza, kwa kasi ndogo maji yote yanapita tunduni na pampu haitoi kitu. Pistoni ikifika mizunguko 1.6 kwa dakika, tundu linashindwa kupitisha yote, maji yanaanza kupanda.

Gharama yake: chini ya mita 30 za maji, tundu la milimita 2 linapitisha lita 2.7 kwa dakika wakati pistoni inapanda, nusu ya muda. Ni lita 1.4 kwa dakika zinazopotea kati ya 11.2. Tundu la milimita 2.5 lingepoteza 2.1. Milimita 3 lisijaribiwe hapa. Mafundi waliowahi kuona pistoni yenye tundu hudhani imetoboka kwa kutu na huliziba. Kitabu kitaweka picha yenye mshale mwekundu.

Silinda ya inchi 3 inabaki.

15 Julai

Sanduku la gia. Oili iliyokuwa ndani imegeuka ugali mweusi: vumbi, maji ya mvua na oili ya injini. Oili ya injini ya gari ina sabuni inayoshikilia uchafu usitulie, jambo jema kwenye injini yenye chujio. Sanduku hili halina chujio. Linahitaji oili nyepesi isiyo na sabuni, namba 10, ili uchafu na maji vitue chini na kumwagwa mara moja kwa mwaka. Oili nzito ya gia haipandi kwenye beringi za juu asubuhi ya baridi ya Julai.

Meno ya gia yameliwa upande mmoja tu, kama inavyotarajiwa. Beringi za shafti zina mchezo wa nusu milimita, zimeachwa. Bolti sita za mapanga zilikuwa zimebadilishwa kwa za baiskeli.

Mkia ulikwama kwa sababu waya wa kuukunja umekatika na springi imeshikwa na kutu kwenye pini. Hii ni hatari kuliko pampu isiyotoa maji. Mashine inayoshindwa kujigeuza ubavu kwenye dhoruba za Novemba na Desemba, mvua zinapoanza, hung'oa mapanga na kuyatupa. Pini imegeuzwa mpya kwenye lethi, springi imebadilishwa.

Kitabuni mkia umeunganishwa na ukoo wake. Edmund Lee alipata hataza mwaka 1745 ya feni ndogo ya nyuma inayokizungusha kinu kielekee upepo bila mtu. Andrew Meikle, 1772, akaweka vibao vyenye springi kwenye mabawa vinavyofunguka upepo ukizidi. William Cubitt, 1807, akaviunganisha vyote kwa rodi moja inayopita katikati ya shafti, na kinu hakikuhitaji kusimamishwa tena ili kurekebisha mabawa. Halladay wa Connecticut, 1854, akaleta pampu inayojielekeza na kujipunguza yenyewe. Wote wanne walitatua swali moja: mashine ifanye nini msimamizi akiwa amelala.

22 Julai

Soketi mpya, katani na rangi kwenye nyuzi. Tepu nyeupe ya mabomba haikutumika. Kwenye bomba linalotikiswa mara 12 kwa dakika huchakaa na kuachia. Bomba limerudi kisimani.

Mgunga ulioko mita 40 magharibi umekua hadi mita 7. Kanuni inataka rota iwe angalau mita 4.5 juu ya kila kitu kilicho ndani ya mita 120, na hapa ni mita 2. Haukatwi. Upepo wa kiangazi unatoka mashariki na kusini mashariki, na chini ya mti huo ndipo watu wanapokaa kusubiri maji.

29 Julai

Imewashwa, au tuseme imefunguliwa. Rota ilianza yenyewe kwenye upepo ambao kipimo cha mkononi kilisoma kati ya mita 3.4 na 3.9. Hesabu ilisema 2.8; tofauti ni msuguano wa beringi na gasketi ya kichwa cha bomba iliyokazwa mno. Maji yalifika mdomoni baada ya dakika 11, yakiwa na kutu, kisha mchanga kidogo, kisha safi.

Kipimo cha ndoo: mizunguko 12 ya pistoni ndani ya dakika moja, lita 9. Ujazo kamili ni 10.6, tundu linachukua 1.4. Nzuri.

Maji ni ya chumvi kidogo, kama visima vingi vya Bahi. Mifugo inayanywa.

10 Agosti

Lita 6 kwa mizunguko 12. Siku kumi na mbili tu.

Utambuzi ulienda kwa mpangilio utakaochapishwa kwenye kiambatisho. Kwanza simamisha pistoni, subiri dakika 30, anza tena na hesabu mizunguko mpaka maji yatoke. Yalitoka mzunguko wa kwanza, kwa hiyo vali ya chini inashika na bomba halivuji. Pili, linganisha kasi ndogo na kubwa: uvujaji wa washa hupungua kwa uwiano kasi ikipanda, kwa sababu maji hayapati muda. Kwa mizunguko 20 upungufu ulikuwa mdogo sana. Basi ni washa.

Bomba likatoka tena. Washa mbili kati ya nne zimepasuka ukingoni. Kosa ni la mradi: zilifungwa zikiwa kavu. Ngozi kavu ikilazimishwa ndani ya silinda hujikunja, na mkunjo hugeuka ufa. Hulowekwa usiku mzima hadi iwe laini kama sikio, huvalishwa kwenye pistoni ikiwa mbichi, na nati hukazwa kwa mkono pamoja na robo tu ya spana. Ikikazwa zaidi, ukingo unatanuka na kubana ukuta. Kisha isiachwe juani hata dakika kumi, na kwa jua la Bahi hilo si neno dogo.

Onyo hili lilikuwa tayari kwenye rasimu ya ukurasa wa 88. Limehamishiwa kwenye hatua yenyewe, mstari wa kwanza. Onyo lililo ukurasa mwingine halisomwi na mtu mwenye mikono yenye grisi.

25 Agosti

Sura ya gurudumu la maji. Kipimo kilifanyika karakanani Dodoma kwa gurudumu la sentimita 60, tanki lenye kimo kisichobadilika, na uzi unaoinua mawe ya mizani. Namna hii ya kupima ni ya John Smeaton, mhandisi Mwingereza aliyewasilisha matokeo yake kwa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, mwaka 1759. Kabla yake Antoine Parent, 1704, alikuwa amepiga hesabu kwamba gurudumu linalosukumwa na maji kwa chini haliwezi kutoa zaidi ya 4 kwa 27 ya nguvu, chini ya asilimia 15. Smeaton hakubishana naye karatasini. Alijenga mfano akapima. Lile la chini lilitoa kama asilimia 22, lile la juu, linalojazwa maji kwenye makombe, kama 63.

Gurudumu letu lilitoa uwiano wa namna hiyohiyo: kwa maji yaleyale na kimo kilekile, la juu lilitoa zaidi ya mara mbili ya la chini. Sababu ni mgongano. Maji yanayopiga kibao hutapakaa na kugeuka povu, na nguvu inaishia humo. Yanayokaa kwenye kombe hushuka kwa uzito wake bila kelele. Ukilisikia gurudumu linapiga makofi, linapoteza.

Makosa mawili ya mfano: makombe hayakuwa na tundu la hewa, hivyo maji yalikataa kuingia na kurudi nyuma, na gurudumu liligusa maji yanayoondoka, likawa linayapiga kwa mgongo.

Sasa ukweli wa hapa. Jozi moja ya mawe ya mita 1.2 inataka kilowati 3 hivi. Kwa maporomoko ya mita 3 na gurudumu la juu lenye ufanisi wa asilimia 65, inahitajika lita 157 kila sekunde. Mito mingi ya Dodoma ni makorongo ya mchanga kuanzia Juni hadi Novemba, na ikija, inakuja na magogo. Maeneo ya kufikiriwa ni vijito vya milimani vya Mpwapwa na Kondoa, na huko pia maji yana wenyewe wenye bustani. Kitabu hakitamwambia mtu ajenge kinu cha maji Bahi.

12 Septemba

Mawe na meno, kwa ufupi, maana michoro inasema zaidi. Jiwe la chini halisogei. La juu huzunguka kama mara 120 kwa dakika na haligusi la chini. Likigusa linatoa cheche na unga unanuka moto. Michirizi ya mawe yote mawili huchongwa kwa mchoro uleule. Jiwe la juu likipinduliwa, michirizi inapishana kama mkasi na kusukuma unga nje. Mwanafunzi akichonga la pili kinyume cha la kwanza, mkasi haupo tena. Kosa hili lilifanyika kwenye mfano wa saruji.

Jino la ziada: gia ya meno 60 ikishikana na ya 20, jino lilelile hukutana na wenzake walewale watatu milele, na kasoro ya mmoja inachimba. Iwe 61 kwa 20, kila jino hukutana na kila jino kabla ya kurudia. Wachongaji wa gia za mbao walilijua hili karne nyingi. Uwiano hauwi namba kamili, na haidhuru.

30 Septemba

Jedwali la Smeaton la mshazari wa bawa limesahihishwa kwenye uthibitisho wa chapa. Bawa limegawanywa sehemu sita kutoka katikati, na nyuzi kutoka uso wa mzunguko ni 18, 19, 18, 16, 12½, 7. Mchapaji alipanga 18, 18, 19, akidhani namba lazima zipande kwanza kwa mpangilio. Haziendi hivyo: bawa limelala zaidi kwenye sehemu ya pili, kisha linanyooka kuelekea ncha, kwa sababu ncha inakimbia na upepo inaouona unatoka karibu mbele yake.

Mapanga ya chuma yaliyopinda, kama ya Bahi, yana mzazi mwingine: Thomas Perry, aliyefanya majaribio zaidi ya 5,000 huko Marekani mwaka 1882 na 1883. Aya moja inatosha.

6 Oktoba

Pampu: siku 50 tangu washa mpya zifungwe, mizunguko 12 bado inatoa lita 9. Tanki la lita 5,000 hujaa usiku na mchana mmoja upepo ukiwa mzuri, na siku mbili za utulivu hulimaliza. Tanki la pili ni jambo la serikali ya kijiji. Sanduku la gia lina tundu la pili la pini linalofupisha mwendo wa pistoni kutoka milimita 200 hadi 150: maji yanapungua robo, mzigo kwenye rota nao robo. Pini itahamishwa Desemba, upepo unapolegea na mvua kuanza, siku ileile ya kubadili oili, ili mtu apande mnarani mara moja.

Kitabu: sura 9 kati ya 11 zimepita. Iliyobaki ni ya kuchagua eneo, inayosubiri vipimo vya upepo vya miezi ya mvua, na ya vipuri. Washa za ngozi za inchi 3 hazipatikani dukani Dodoma, kwa hiyo sura hiyo lazima ionyeshe jinsi ya kuzikanda kutoka ngozi ya ng'ombe ya unene wa milimita 4 kwa kalibu ya mti mgumu. Kalibu ya kwanza, ya mninga, ilipasuka ilipobanwa kwenye jiliwa. Ya pili inachongwa kwa mpingo.